Dakika Zilizobaki

Kasha tulilitoa Maweni, chini ya kitanda cha mtu,
limelaliwa na paka na magunia ya mkaa.
Mwenyewe alitaka mia tano. Feiswal akatoa mia mbili
na ahadi ya kumtengenezea redio.
Ubavuni karatasi bado imeng'ang'ania:
SHILINGI MOJA DAKIKA. HAKUNA KUKOPA.
Nikalijua. Ni namba sita,
ile ya pembeni, karibu na choo,
katika saiba ya Bi Swafiya, enzi zake.

Tulikuwa na elfu nane na mia tatu.
Kwa pesa hizo huingii duka lenye kiyoyozi;
unaingia kwa Kitsao,
ambaye meza yake ni kaburi na wodi ya wazazi pamoja.
Alilifungua, akapuliza,
likatoka vumbi, na mjusi aliyekauka kama ndimu.
"Chumvi," akasema, akituonyesha skrubu zilivyovimba.
"Hapa Malindi chuma hakifi kwa uzee. Kinaliwa."
Lakini bodi ilikuwa hai.
Kumbukumbu mbili, za zahanati iliyobadilisha mitambo,
akazisugua meno kwa raba ya mwanafunzi,
polepole, kama anayempigisha mtoto mswaki,
hata dhahabu ikacheka.
Kibodi ni ya hoteli ya Waitaliano iliyofungwa:
herufi nyingine zimevaa vilemba vya upande,
na N ina kidonda cha sigara.
Kadi ya picha ilikuwa ya mchora ramani za nyumba.
Feni yake inakohoa, lakini inazunguka.

Kitu kimoja tu alikataa kukigusa:
pawa saplai ya zamani.
"Nguo ya maiti vaa ukipenda. Moyo wake usiupandikize."
Ile tukanunua mpya. Ikala nusu ya pesa zetu.

Usiku tukawasha.
Mlio mmoja. Kimya. Feiswal akanishika mkono
(ana miaka kumi na sita, hamshiki mtu mkono).
Kisha diski ya zamani ikaamka, ikakwaruza,
na kioo kikaandika:
MUDA WAKO UMEKWISHA. MUONE MHUDUMU.

Tulicheka hadi mama akagonga ukuta.
Halafu tukaacha kucheka, maana ilidai neno la siri.
Tukajaribu swafiya. Tukajaribu malindi.
"Tuifute diski yote," akasema Feiswal. Nikasema ngoja.
Nilikuwa nikimkumbuka akibonyeza,
mgongo umeziba kibodi kama mlango,
na mimi, miaka tisa, nahesabu milio: kumi.
Siku moja dakika zangu zilikwisha
nikiwa nimebaki na kipa tu.
Nikaomba tatu za mkopo. Akanionyesha karatasi kwa kidole.
Alipokwenda kuswali nikajiongezea ishirini kwa kompyuta yake iliyoachwa wazi,
kisha nikatoka kwa dirisha la choo.

Asubuhi nilimpata Majengo, anakaanga viazi karai.
Nikamweleza. Akanitazama, mwiko juu, mafuta yanadondoka.
"Namba sita," akasema. "Ulipasua wavu wangu wa mbu."
"Ndiyo, bibi."
"Ishirini yangu."
Sarafu akaigeuza pande zote mbili,
akaifunga pembeni mwa leso,
akararua gazeti la kufungia viazi na kuandika:
lipakwanza.
Wavu wa mbu, akasema, amenisamehe.

Sasa wachezaji wetu hawana pua.
Picha tumeishusha hadi mwisho;
nyasi ni zulia moja, mashabiki ni makadibodi
yanayotikiswa na mtu mmoja asiyeonekana.
Lakini mpira unakwenda pale mguu unapoutuma.
Feiswal ataka tuiondoe programu ya saiba,
inatafuna kumbukumbu, nasi tunazo chache.
Ni kweli. Nimemwambia kesho, wiki ya tatu hii.
Chini ya kioo, pembeni, saa inahesabu.
Nimeiwekea dakika tatu, zile nilizoziomba.
Zikiisha inatufungia katikati ya shambulizi,
Feiswal anatukana,
nami naandika neno la bibi, herufi kumi,
mgongo wangu nimeuziba mlango wa kibodi
asione.